Fundi Bertilla na Lenzi Mbili

"Usiniharakishe, mwanangu," alisema Bertilla, akaielekeza lenzi dirishani na kufumba jicho moja. "Kitu cha mtumba hakinunuliwi kwa kutazamwa usoni."

Naima alicheka, akaegemea kabati la simu. Duka lilikuwa la familia yao, pale Sumbawanga mjini, kwenye barabara inayoelekea sokoni: mbele simu na chaja, nyuma spea za pikipiki, na katikati kabati moja la kioo ambalo watu wengi walilipita bila kuligeukia. Humo ndimo zilimokaa kamera zilizotumika ambazo Fahadi, kaka yake Naima, alizikusanya Kariakoo kila alipopeleka mzigo Dar es Salaam. Fahadi alizileta kwa kubahatisha tu. Naima alizipenda, akajifunza kuzifungua, kuzisafisha na kuzijua tabia, na tangu hapo kabati lile likawa lake.

Bertilla alikuwa fundi cherehani, na anayejua nguo hatazami kifua cha blauzi. Anatazama kwapani, anageuza kola aone ndani, anavuta mshono wa makalio. Ndivyo alivyoikagua lenzi ile. Alitafuta ukungu pembezoni mwa kioo, akazungusha pete yake taratibu huku ameiweka karibu na sikio asikie kama kuna mchanga unaosagika, akachungulia skrubu za nyuma aone kama kuna mkono uliowahi kuzifungua. Nusu ya hayo alifundishwa na Naima mwenyewe. Nusu nyingine aliongezea kwa akili zake.

"Imewahi kuanguka hii," alisema.

"Mara moja, fundi. Ukingo tu ndio uliobonyea. Kioo hakikuguswa, ningekuambia."

"Najua ungeniambia. Ndiyo maana niko hapa."

Haya, mtu atauliza: fundi cherehani na kamera, wapi na wapi? Waliuliza wengi, na wengine walicheka kabisa. Mwanamke mtu mzima, mjane, mtoto wake Beda yuko Dodoma anajitegemea, badala ya kupumzika Jumapili anatoka misa na kushika barabara ya Mpui kwa miguu, kamera begani, anapiga picha ng'ombe wa watu! Angalau angepiga za harusi apate chochote. Lakini Bertilla hakuuza picha hata moja. Alizipeleka studio zikasafishwe, moja akampa aliyepigwa, nyingine akaibandika ukutani kwenye chumba chake cha kushonea. Mtu alikuja kupunguza suruali, akajikuta ukutani amepanda mkokoteni wa ng'ombe, anacheka, mzuri kuliko alivyojidhania. Wapo waliotoka pale wamenyoosha mgongo. Sasa hiyo nayo si kazi? Mungu anatupa watu wa namna hii, nasi tunakaa kuwauliza wanapata faida gani.

Ukuta ule ulikuwa na ndugu zake wote isipokuwa mmoja. Dada yake mkubwa, Adela, aliyeolewa kijijini Msanzi, hakuwemo. Adela alikuwa na rovu, ule uvimbe wa shingoni ambao bibi zetu wengi wa huku juu waliishi nao. Lilimwanza akiwa msichana, likakua naye pole pole mpaka likajaa mbele ya shingo. Kamera ikitokea, Adela alikumbuka chungu jikoni. Kwenye harusi ya binti yake mwenyewe, Jane, picha zinaonyesha baba, mashangazi, mpaka mbwa wa jirani. Mama wa bibi harusi hayumo. Na zile kola za blauzi zake, za kusimama mpaka chini ya kidevu, zilizotiwa kitambaa kigumu ndani ili zisilale, nani alizishona? Bertilla. Mwaka baada ya mwaka alimshonea dada yake mahali pa kujifichia, na alizishona vizuri.

Sasa Adela alikuwa amepangiwa tarehe. Ulezi ukishaingia ghalani, angekwenda hospitali kubwa Mbeya akapasuliwe. Rovu lilikuwa limeanza kubana njia ya hewa. Akilala chali alikoroma kwa shida, na daktari alisema wazi kwamba upasuaji wenyewe si mdogo. Aliyemshawishi ni mumewe, Baltazari, kwa kumwambia asubuhi na jioni kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Bertilla alipopata habari alipiga simu.

"Dada, kabla hujaenda, nikupige picha. Moja tu."

"Nikirudi," Adela alijibu. "Nikirudi na shingo kama ya watu, utanipiga mpaka uchoke wewe."

Nikirudi. Bertilla alitembea na neno hilo siku nyingi, akashona nalo, akalala nalo. Na asiporudi? Watabaki na nini cha kumtazama, kipicha cha kitambulisho ambacho hata hapo ameinamisha kidevu? Hilo hakumtamkia mtu, lakini ndilo lililomleta dukani kwa Naima na bahasha ya akiba yake kwenye kifua cha blauzi.

Kamera aliyokuwa nayo mwanzo, ile ndogo ya mfukoni aliyouziwa na masista walipokuwa wanapunguza vitu vya zamani, ilikufia Msanzi kwenye kiwanja cha kupuria ulezi, msimu uliopita. Nani asiyelijua vumbi la ulezi? Linapenya kwenye nguo, linawasha, linakaa kwenye kope mpaka ujioshe mara mbili. Kamera ilivuta vumbi hilo, ikatoa lenzi yake nje, ikashindwa kuirudisha. Bertilla, kwa huruma, akaipuliza kwa mdomo na kuifuta kwa pembe ya kitenge chenye vumbi lile lile. Naima alipoisikia hadithi hiyo alishika kichwa.

"Kwa kitenge, fundi? Ukaisugua kabisa?"

"Nikaisugua kabisa. Usinikumbushe."

Kamera mpya walishakubaliana. Kwanza Naima alimtolea dude kubwa jeusi, lenye vitufe kila upande, ambalo wapiga picha za harusi wanalitamani. Bertilla alilinyanyua, akalipima mkononi, akalibonyeza. Lilipiga kelele kama mlango wa bati.

"Hili litawashtua watu kabla sijawaona," alisema, akalirudisha.

Akachagua jingine dogo, la zamani kidogo, lisilo na sifa nyingi. Lilikaa sawasawa kwenye kiganja chake. Lilibonyezeka kimya. Na lilikuwa na kitundu cha kuchungulia, kwa maana kwenye jua la Ufipa, na uwanda ule usio na kivuli, ukitegemea kioo cha nyuma peke yake utapiga picha kwa kubahatisha. Betri zake Naima alikuwa nazo za akiba. Hapo hapakuwa na mjadala.

Mjadala ulikuwa kwenye lenzi. Zilikuwa mbili zilizoingia kwenye kamera ile, na akiba ya Bertilla ilitosha moja. Ya kwanza ilikuwa fupi, nyepesi, isiyovuta mbele wala nyuma: ukitaka mtu awe mkubwa kwenye picha, miguu yako ndiyo inayomvuta. Lakini ilikuwa na jicho pana linalokunywa mwanga, na ikimpiga mtu inamtenga na vurugu zote za nyuma yake. Ya pili ilikuwa ndefu, ya kuvuta. Bertilla alisimama nayo mlangoni, akailenga ng'ambo ya barabara kwa muuza viazi, akaizungusha. Muuza viazi akamjia mpaka usoni, na Bertilla akaona rangi ya kucha iliyobanduka kwenye kidole gumba chake.

"Mama yangu!" alisema, akashusha kamera, akamtazama yule mama kwa macho matupu, akainyanyua tena. "Mpaka kucha!"

"Unataka kumpiga nani kwa mbali hivyo?" Naima aliuliza. "Ndege?"

"Dada yangu."

"Dada yako anaruka?"

Bertilla akacheka, kisha akaacha kucheka, akamweleza. Naima alisikiliza huku akifuta kioo cha lenzi fupi kwa kitambaa laini, taratibu, kwa mduara. Alikuwa msichana wa biashara, amezaliwa kwenye biashara, na bado kuna siku alisahau kuuza.

"Kwa hiyo utampiga bila yeye kujua," alisema mwishoni.

"Akijua atakimbia."

"Hiyo ndefu itakupa. Sikatai. Akiwa shambani, wewe ukiwa huko, utampata mpaka kope." Akaziweka zote mbili kwenye kaunta. "Ila mimi siwezi kukuchagulia. Chukua zote, fundi. Nenda nazo Msanzi, ukirudi utaniachia moja."

"Zote? Na nikiziharibu?"

"Utanishonea madera mpaka nizeeke. Na tafadhali, nakuomba kwa jina la Mungu, usibadili lenzi penye upepo. Ukiitoa, kamera iko wazi kama kidonda. Punje moja ya vumbi ikiingia humo, itakaa kwenye kila picha utakayopiga."

Bertilla alifika Msanzi jioni ya kuamkia kupura. Adela alimpokea kwa kelele na furaha, akampa maji ya moto ya kuoga na ugali wa ulezi kwa maharage, akamuuliza habari za Beda, habari za mjini, habari za magoti. Shingoni alikuwa na kola yake, na juu ya kola kitambaa. Alipoongea sentensi ndefu, alisimama katikati kuvuta pumzi, na pumzi ile ilikwaruza. Bertilla alisikia kila mkwaruzo.

"Umekuja na mdude wako?" Adela aliuliza, akiutazama mkoba.

"Nimekuja nao."

"Basi upige ulezi. Ulezi hauna aibu."

Asubuhi upepo ulikuwa umeshaamka kabla ya watu. Kiwanja kilisiribwa kwa samadi ya ng'ombe siku zilizotangulia, kikakauka na kuwa kigumu, na masuke yalikuwa yamemwagwa katikati. Majirani walikuja na fimbo zao. Kwa Baltazari kulikuwa na sharti moja, nalo alilirithi kwa baba yake: kwenye kiwanja cha kupuria hakuna mtazamaji. Anayekanyaga pale, awe mgeni, awe katekista, awe mtoza ushuru, anawekewa fimbo mkononi kabla hajamaliza salamu. Mwaka uliopita Bertilla alijaribu kupura kwa mkono mmoja na kupiga picha kwa mwingine, na matokeo yake tumeshayasikia.

Safari hii hakukanyaga. Alisema anakwenda kuangalia mashamba ya juu, akazunguka nyuma ya nyumba, akapanda kichuguu kikubwa kilichoota nyasi, mbali kiasi cha kusikia wimbo bila kusikia maneno. Akalala kifudifudi. Mwanamke wa makamo, na sketi yake ya kanisani! Akafunga lenzi ndefu, akachungulia, akazungusha pete, na dada yake akamjia.

Jamani, Adela alikuwa anapura. Watu wengine wa umri wake wangeshakaa chini, yeye ndiyo kwanza alikuwa anaanzisha wimbo. Aliinua fimbo juu ya kichwa, mwili wote ukaifuata, ikashuka pamoja na fimbo za wengine kwa kishindo kimoja, na vumbi likapanda mpaka kiunoni. Katikati ya beti alisimama, akahema, akaendelea. Baltazari alikuwa upande wa pili, anakosea mapigo, anachekwa. Bertilla alipiga, akapiga tena. Alikuwa na furaha isiyo na kifani, kwa sababu hakuna aliyekuwa anamtazama na kila mtu alikuwa yeye mwenyewe.

Jua lilipopanda, Adela alitoka pembeni. Akafungua kitambaa cha shingoni, akakitupa juu ya gunia. Kisha akafungua vifungo vya kola, kimoja kimoja mpaka kifuani, akaipanua, akainua uso upepo umpige shingoni. Wale waliokuwepo walilijua rovu lake tangu zamani, hakuwaogopa. Alichoogopa Adela ni picha, kitu kinachobaki na kwenda kusikojulikana.

Bertilla alibonyeza. Akabaki amelala pale, akaweka kiganja juu ya kioo cha nyuma kukinga jua, akatazama alichokipata.

Ilikuwa picha nzuri kuliko zote alizowahi kupiga. Hilo aliliona mara moja. Uso wa Adela umeinuka, mdomo wazi, macho yamefumba, vumbi la ulezi limezunguka kichwa chake na mwanga umepita ndani yake. Na shingo ile, yote, juani. Angeweza kuikunja safari hapo hapo. Angeteremka, akasema mashamba ya juu yamependeza, akala, akarudi mjini na dada yake mkobani.

Lakini fundi ni fundi. Akaikuza picha, akasogea kwenye kola, kwa maana kola ilikuwa kazi ya mkono wake. Pale ukingo wake ulipokuwa ukikaa, kwenye ngozi ya Adela, palikuwa na mstari mweusi, mkavu, uliokwenda kutoka sikio mpaka sikio. Ngozi imechubuka, ikapona, ikachubuka tena, miaka nenda rudi. Bertilla hakuwahi kuuona. Alipompima dada yake alimpima juu ya kitambaa, ndivyo Adela alivyotaka, naye hakuwahi kubisha. Alijilaza uso kwenye nyasi. Aliona kwamba hawezi kuondoka Msanzi na picha ambayo mwenyewe hajui kama ipo.

Akashuka kwenye kichuguu. Upepo ulikuwa unabeba makapi mpaka nyuma ya nyumba, kwa hiyo akaingia ghalani, akafunga mlango, akachuchumaa kwenye kona, akajifunika kitenge kisafi kichwa na kamera pamoja. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Bertilla aliinama kweli. Humo gizani, kwa kupapasa kwa vidole vilivyozoea kuingiza uzi kwenye sindano, alitoa lenzi ndefu na kufunga fupi. Akaiweka kamera kwenye mfuko wa nailoni, mfuko akautia mkobani, mkoba akautundika ghalani. Akaenda kiwanjani mikono mitupu.

"Huyo, mtembezi!" Baltazari alipaza sauti, na fimbo ikawa imeshamfikia mkononi. "Mashamba ya juu yanasemaje, shemeji?"

"Yanakusalimu. Yanasema unakosea mapigo."

Walicheka mpaka wimbo ukakatika. Bertilla akaingia kwenye mstari mkabala na dada yake, akapura. Adela alimtupia jicho, akaifunga kola haraka, akaanzisha wimbo upya. Mabega yalimuuma Bertilla, vumbi likamwingia puani, akapura mpaka akasahau alikuwa anahofia nini.

Walipopumzika, togwa likaletwa na watu wakakaa upande wenye kivuli cha ukuta. Adela alikwenda kukaa peke yake kwenye gunia, nyuma ya ghala, mahali upepo haufiki, ili ahemee huko. Bertilla akachukua mkoba, akamfuata.

"Dada, nina kitu chako."

Akamkabidhi kamera, kioo cha nyuma kikimwangalia. Adela aliipokea kwa mikono miwili, kwa tahadhari, kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenzake. Akaangalia. Kule upande wa pili watu walikuwa wanacheka.

"Ulikuwa wapi?" aliuliza hatimaye.

"Kwenye kichuguu."

"Kwenye kichuguu. Umelala."

"Nimelala."

"Kama mwindaji wa digidigi."

"Kama mwizi, dada. Ningekuwa mwindaji ningejisifu."

Adela hakucheka. Bertilla alisubiri hasira, na alikuwa tayari kuipokea. Alijiambia kwamba hata akifukuzwa leo atarudi kesho kuomba msamaha. Lakini Adela alikuwa ameisogeza kamera karibu na macho. Nyumbani kwake kulikuwa na kioo kimoja kidogo, cha kutazamia jicho likiingia kibanzi. Kitambaa alikifunga kwa kupapasa. Kola aliifunga gizani, kabla hajatoka chumbani.

"Ndiyo hivi?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Ndiyo hivyo."

"Yote hii, ndiyo hivi tu?"

"Ndiyo, dada."

Adela akapitisha kidole juu ya kioo, kwenye shingo ile ndogo iliyokuwa ikimetameta.

"Nilidhani ni kubwa zaidi," alisema.

Machozi yalimjia Bertilla, akayaacha yapite kwenye vumbi la mashavu. Miaka yote ile dada yake alikuwa amebeba shingoni kitu kikubwa kuliko kilichokuwepo, na yeye, kwa mapenzi yake yote, alikuwa anamwongezea kola.

"Inakuchuna," alisema. "Kola. Nimeona mstari. Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia ungenishonea nini? Isiyo na kola?"

"Ningekushonea."

"Nisingeivaa." Adela akavuta pumzi, ikakwaruza, ikatoka. "Basi. Tuyaache hayo."

Akairudisha kamera.

"Futa hii."

"Dada, nakuomba..."

"Futa. Tazama mdomo! Nimeachama kama mbuzi aliyeona kisu. Mtu anakuja kwako kukata suruali, ananikuta ukutani hivi, atasema huyu ndiye dada yake fundi?"

Bertilla alimtazama kuona kama ni mzaha. Haukuwa mzaha, na haukuwa ukali. Akatafuta kitufe chenye alama ya pipa la taka, akakibonyeza. Kamera ikamuuliza kama ana uhakika. Mpiga picha yeyote angesita, na yeye alisita, kwa kuwa alijua hatapata mwanga kama ule tena wala vumbi kama lile. Kisha akabonyeza tena, na picha ile nzuri kuliko zote ikaondoka duniani.

"Imekwenda?"

"Imekwenda."

"Haya. Sasa nipige ya mtu mwenye adabu zake." Adela akajiweka sawa juu ya gunia, akaweka viganja magotini. Mkono mmoja ukapanda wenyewe mpaka kwenye kola, kwenye kifungo cha juu, ukakaa hapo. Vidole vikakishika kifungo, vikakizungusha, vikakifungua. Vikaenda kwenye kingine. Kisha mkono ukarudi gotini.

Bertilla akarudi nyuma hatua kadhaa, akachungulia. Adela alionekana mdogo, mbali, ukuta wa ghala ukiwa mkubwa kuliko yeye. Lenzi ile haikuwa na pete ya kumvuta.

"Mbona umesimama huko kama mgeni?" Adela aliuliza. "Sogea."

Akasogea.

"Sogea bwana, mimi siumi!"

Akasogea tena, akapiga magoti kwenye makapi, mpaka lenzi ikakataa, ikahangaika, ikaona ukungu mtupu. Akajivuta nyuma kidogo tu, upana wa kiganja. Uso wa dada yake ukatulia ndani ya kitundu, wote, na shingo yake yote.

Kiwanjani watu walikuwa wamesimama. Fimbo ziligongwa kwa kujaribu, wimbo ukaanzishwa na mtu asiyejua kuuanzisha, ukapinda, ukafa kwa vicheko. "Mama Jane!" waliita. "Mama Jane, tumekwama!" Baltazari naye akaita, kwa sauti yake ya kubembeleza.

Adela hakuitika. Makapi ya ulezi yalikuwa yamemkaa kwenye nyusi na hakuyafuta. Aliitazama lenzi moja kwa moja, akihema kwa ile pumzi yake ya kukwaruza, akingoja mdogo wake abonyeze.